Mvumo wa Stoo

Friji ile tuliinunua mimi na mama mwaka nilioanza kufundisha chuo kikuu, na tangu hapo imekuwa ikivuma jikoni, mgongo wake ukiwa ukutani mwa stoo. Nimesahihisha mitihani nikiwa nimeiegemea. Sehemu kubwa ya tasnifu yangu niliiandika kwenye meza iliyo mbele yake. Hata hivyo, siku nilipousikia mvumo wake ukitoka kwenye spika, sikuutambua. Nilikubaliana na mjomba kwamba hiyo ilikuwa sauti ya umaskini wa vifaa.

Mama alishona sare za shule na mapazia hadi macho yalipoanza kumsaliti. Alipoiuza cherehani nilimshauri anunue kiti kizuri cha kupumzikia. Alirudi nyumbani na gitaa. Lilikuwa la bei ya chini kuliko yote dukani, rangi yake kama ya chai iliyotiwa maziwa mengi, na shingo yake nyembamba kiasi kwamba muuzaji mwenyewe alimwambia ni la wanafunzi. “Basi limempata mwanafunzi,” mama alimjibu, akalikumbatia hadi nyumbani bila hata kuomba mfuko.

Hakuwa mgeni wa chombo hicho. Yeye na kaka yake walijifunza kwa gitaa moja utotoni. Bendi ilipokuja kutafuta mpigaji, gitaa liliondoka na kaka. Leo mjomba ana studio yake, ana bendi yake, na karibu watu wote, wakiwemo watoto wake, humwita Maestro. Mama peke yake ndiye anayemwita jina la nyumbani, nalo nimekatazwa kulisema mbele za watu.

Baada ya gitaa vikafuata vingine: kipaza sauti kilichotumika, kisanduku chekundu cha kuunganisha gitaa na kipaza sauti kwenye kompyuta yangu ya zamani, na vipokea sauti vilivyobana masikio hadi yakawaka. Mama aliondoa ndoo na masanduku stoo, akatundika mablanketi ukutani, na godoro la wageni akalisimamisha nyuma ya mlango. Sikupenda. Nililelewa kuamini, na nikafundisha wengine kuamini, kwamba kazi makini hudai zana makini. Nilimwona mama kama mtu anayecheza, nami nikamwacha acheze.

Mchezo ukageuka jambo zito pale kituo cha redio kilipotangaza kwamba kinatafuta muziki mpya, usio na maneno, wa kufungulia kipindi chake cha alasiri. Mama alikuwa akikisikiliza kipindi hicho tangu enzi za cherehani. Alizima redio.

“Nataka nisikike pale,” alisema. “Mara moja tu. Vidole hivi hivi.”

Alitunga kitu kifupi, chepesi, chenye besi inayotembea chini ya sauti nyembamba kama mtu na kivuli chake. Akakirekodi. Kwa kuwa mjomba alifahamiana na mtayarishaji wa kipindi, mama alimwita aje asikilize.

Mjomba alisimama mlangoni mwa stoo, viatu vyake vikimetameta, akachungulia.

“Dada, hiki ni nini?”

“Studio.”

“Studio! Mbona ina ufagio?”

“Kwani ya kwako haifagiwi?”

Nilicheka. Mjomba hakucheka. Alijipenyeza ndani, akauminya waya wa gitaa, nao ukakwaruza kwenye spika kama paka aliyekanyagwa. “Huu tupa,” alisema. Mama akakubali papo hapo. Waya ulikuwa wa bei ya kutupwa na ulistahili kutupwa, na kesho yake alinunua mwingine ulio imara. Ndicho kifaa pekee alichowahi kukiri kwamba alikosea kukinunua.

Kisha mjomba akausikiliza wimbo. Uso wake ulilainika mwanzoni. Niliona kidole chake kikigonga pajani. Halafu akainua mkono.

“Simamisha. Sikieni hapo gitaa linaponyamaza. Mmmmm. Daktari, umesikia?”

“Nimesikia, mjomba.”

“Hiyo ni bei inaongea. Ukinunua vitu vya kuchezea, vinakuimbia hivyo. Wimbo ni mzuri, dada, sikatai. Lakini ukipeleka hii redioni watadhani umerekodia ndani ya mzinga wa nyuki.”

Mama alinitazama. Alikuwa akingoja niseme neno.

“Kwa kweli, mama, mvumo upo,” nilisema.

“Njoo kwangu,” mjomba aliendelea, sasa kwa upole. “Mpiga solo wangu atakupigia vizuri, nami nitampelekea mtayarishaji mwenyewe, mkononi.”

“Na mimi nifanye nini?”

“Wewe ni mtunzi. Jina lako litaandikwa.”

“Jina halina vidole,” mama alisema.

Nilimsihi aende, akaenda kwa ajili yangu. Studio ya mjomba ilikuwa na mlango mzito unaofunga kama wa benki, zulia hadi ukutani, na kipaza sauti kikubwa kilichoning’inia kwenye mkono wa chuma. Fundi mitambo, mtu mpole mwenye kofia ya sufu, alimpa mama gitaa la mjomba lenye mbao za kung’aa. Kulitazama tu kulinitia heshima.

Mama ana namna yake ya kupiga. Kidole gumba cha kushoto hukipitisha juu ya shingo na kukikunja hadi kibane uzi mnene, ili vidole vingine vinne vibaki huru kwa wimbo. Ndiyo besi ile inayotembea. Lakini shingo ya gitaa la mjomba ilikuwa pana, na gumba la mama halikufika. Alijaribu, uzi ukatoa sauti ya kukaba. Alijaribu tena.

“Tulia, mama, usiogope taa nyekundu ya kurekodi,” fundi mitambo alimwambia kupitia spika.

“Taa haijanikosea. Shingo ndiyo imenenepa.”

Mjomba akapoteza subira, akamwita mpiga solo. Yule bwana aliusikiliza wimbo, akautafutia njia nyingine vidoleni, akaupiga. Besi haikutembea tena. Iliruka, ikatua, ikaruka. Haikuwa na mvumo wala mkwaruzo. Fundi mitambo alipiga makofi, na mimi, lazima niseme, nilipiga pia.

Mama akachukua mkoba wake.

“Amepiga vizuri sana,” alisema. “Ampelekee mama yake, atafurahi.”

“Dada! Usiniaibishe mbele ya wafanyakazi wangu.”

“Sikuaibishi. Nimesema amepiga vizuri. Kama redio inamtaka yeye, atunge chake.”

Njiani nilijaribu kumtuliza kwa hoja. Nilimweleza kwamba mtunzi na mpigaji ni watu wawili, kwamba historia ya muziki imejaa watunzi waliopigiwa na wengine. Alinisikiliza hadi nikamaliza, kwa adabu, kama anavyosikiliza matangazo ya biashara.

“Mwanangu, nimeshona nguo maisha yangu yote. Watu wanazivaa, hakuna anayejua nani kashona, na sijawahi kulia. Hili sishonei mtu. Hili navaa mwenyewe.”

Sikushawishika.

Wiki zilizofuata nyumba yetu ilianza kuwa na visa. Maziwa yaliganda. Niliyarudisha kwa mwenye duka na kumsomea tarehe kwenye pakiti kwa sauti niliyozoea kuitumia darasani. Akanibadilishia, na hayo pia yakaganda. Nilimwambia nitahamia duka jingine. “Hamia, Daktari,” alijibu, “lakini uangalie na friji yako.” Niliona huo ni utovu wa adabu.

Kisha siku moja kikao cha idara kiliahirishwa, nikarudi nyumbani mchana. Sakafu ya jikoni ilikuwa na maji. Niliposimama kuyatazama, nilihisi kwamba kuna kitu kimepungua chumbani, kama saa ya ukutani inaposimama nawe hujui ni nini kilichokushtua. Nyuma ya ukuta gitaa lilikuwa likipigwa. Nikaugonga mlango wa stoo.

“Mama! Friji imekufa!”

Gitaa likakatika. Mlango ukafunguka, mama akatokea akiwa na vile vipokea sauti shingoni na hasira usoni.

“Nilikuwa nimefika mwisho! Mwisho kabisa! Haijafa, nimeizima.”

“Umeizima? Na maziwa? Na nyama?”

“Nyama tumekula jana. Ingia.”

Alinikalisha kwenye kiti, akanivisha vipokea sauti, akafungua kipaza sauti. Nilisikia pumzi yangu mwenyewe, halafu hakuna kitu. Mama akatoka. Nikasikia, kwa mbali, plagi ikirudi ukutani, kisha ule mshtuko mdogo wa mashine inayoamka. Na ndani ya masikio yangu, taratibu, ukaingia: mmmmm.

Nilivua vipokea sauti, nikaenda jikoni, nikaweka kiganja kwenye ubavu wa friji. Ulikuwa ukitetemeka chini ya mkono wangu kwa sauti ileile, kama ulivyotetemeka miaka yote.

“Umejuaje?”

“Sikujua. Umeme ulikatika nikiwa narekodi, kompyuta ina betri, nikaendelea tu. Niliposikiliza, kimya. Umeme ulivyorudi, nyuki nao wakarudi.” Alijifuta mikono kwa khanga. “Wewe na mjomba wako mlikuwa mnahukumu kipaza sauti. Maskini ya Mungu, kilikuwa kinasema kweli tu kuhusu jikoni kwenu.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ungeanza kunihesabia mayai yatakayooza.”

Alikuwa amenielewa sawasawa. Nilichukua kitambaa nikafuta maji, na nilipokuwa nimepiga magoti pale niliona aibu kwa maneno niliyomwambia mwenye duka. Zaidi ya hapo, nilikumbuka makofi yangu studioni, na mikono ikaniwasha. Nilikuwa nimeyapiga bila kumtazama mama.

Siku moja kabla ya mwisho wa kupokea nyimbo, mjomba alikuja na rekodi ya mpiga solo wake. Alitaka tu idhini ya dada yake aipeleke. Mtayarishaji, alisema, anangoja. Mama alikuwa anasuka nywele zangu sebuleni na hakuinuka.

“Mwambie asingoje. Nimeshapiga yangu.”

“Ile ya nyuki?”

“Mjomba,” nilisema, “kaa usikilize kwanza.”

“Daktari, wewe si tulielewana?”

“Tulielewana kuhusu friji, mjomba. Tuliisikiliza friji yangu, mimi na wewe, tukaiita umaskini. Mama hatukumsikiliza.”

Aliniangalia kana kwamba nimemvua kofia hadharani. Sijawahi kumjibu hivyo mkubwa wangu, na sikuomba radhi. Nikambonyezea wimbo. Besi ilitembea. Pale gitaa liliponyamaza palikuwa na kimya, kimya cha mablanketi na godoro, na mjomba akainamia spika akiutafuta mvumo kama mtu anayetafuta funguo mfukoni mwa koti asilolivaa.

“Vigingi vya gitaa hili vinalegea,” alisema mwishoni. “Hapo katikati uzi umeanza kushuka.”

“Vinalegea,” mama alisema. “Nakaza kila nikianza upya.”

“Na sauti yake nyembamba, dada. Haina kifua.”

“Nyembamba, ndiyo. Hata mimi ni mwembamba.”

“Watacheka.”

“Wacheke. Lakini watakuwa wamesikiliza.” Akavuta fungu la nywele zangu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. “Sikiliza, kaka. Gitaa lako ni zuri. Ningekuwa nalo tangu ujana, labda gumba langu lingejifunza njia nyingine. Halikujifunza. Hili la mwanafunzi linanitosha mkononi, na ile takataka nyekundu inalipeleka kwenye kompyuta bila kuongeza wala kupunguza. Nimengoja vitu vizuri tangu ulipoondoka nyumbani na gitaa letu. Singoji tena.”

Mjomba aliinuka, akaichukua rekodi yake. Kabla ya kuondoka aliingia stoo peke yake. Tulimsikia akijaribu ile besi kwa gumba, ikakaba, akajaribu tena, ikakaba. Mama aliutabasamia ukuta.

Wimbo tuliutuma jioni hiyo kutoka kwenye kompyuta yangu, moja kwa moja, bila mkono wa mtu. Mtayarishaji alipiga simu baada ya muda. Alitaka tuukate uwe mfupi zaidi, na akauliza tumerekodia studio gani ili aitaje.

“Stoo,” mama alisema.

“Stoo gani, mama?”

“Ya nyumbani. Jirani na jiko.”

Yule bwana akacheka, kisha akauliza kama wanaweza kuutangaza kuanzia wiki inayofuata.

Mjomba hajasema kwamba alikosea, na mama hajamdai aseme. Mwenye duka nilimwomba radhi. Siku hizi friji yetu huzimwa kila alasiri mama anaporekodi, na maziwa tunanunua ya kumaliza siku hiyohiyo.