Sauti ya Nthiwa Tumboni mwa Kathini

Kathini alikuwa uani kwa mama yake, nje kidogo ya soko la Matiliku, akichambua ndengu kwenye uteo, tumbo lake lilipomwambia, "Hapa si kwako. Toka."

Sauti ilikuwa ya kaka yake. Mama yao, Kalondu, aliinua kichwa kutoka kwenye karai la nguo.

"Nthiwa amekuja?"

"Hapana, Mwaitu," Kathini alimjibu mama yake. "Ni damu yake."

Kalondu akaendelea kufua.

Ndoa ya Kathini ilikuwa imevunjika kule Sultan Hamud, akarudi nyumbani akiwa na saratani ya damu. Nthiwa hakusubiri kuombwa. Madaktari walichota uboho, ule unaotengeneza damu, kutoka mifupa ya kiuno chake wakampa dada yake, naye akatembea ameinama kwa siku kadhaa bila kulalamika. Saratani ikaisha. Kisha ngozi ya Kathini ikaanza kubambuka, akaharisha mpaka macho yakaingia ndani, na ile sauti ikaanza. Hata kanisani ilisema "Toka," na waliokaa naye benchi moja wakasogea kidogo, wakidhani wameambiwa wao.

Daktari Hamdi aliweka kifaa chake tumboni, akasikiliza.

"Ni damu ya kaka yako," alisema. "Kazi yake ni kufukuza wageni, na kwake mgeni ni wewe. Kuna bakteria wema tumboni ambao huituliza. Wale wa kwako waliuawa na dawa za kuzuia maambukizi ulizopewa hospitalini."

"Watarudi?"

"Pole pole. Meza vidonge hivi, na ule tu kile nitakachokuambia."

Kathini alimeza, akala. Mvua ilipoanza, bakteria wakarudi. Kalondu aliwasikia akiwa jikoni: sauti nyingi za wanawake zikiongea kwa pamoja, kama chama kinapokutana. Wakaiambia damu, "Huyu ni wa hapa. Tulia." Damu ikabishana nao, ikachoka, ikanyamaza. Kathini akaanza kunenepa.

Nthiwa alikuja kumwona. Akainama, akatega sikio tumboni kwa dada yake, akasikia sauti yake mwenyewe ikisema kwa upole, "Karibu, dada. Keti." Akalia.

Kathini akamshika bega. "Nthiwa, basi nipe kipande cha shamba la Baba pale chini karibu na mto, nijenge hata chumba kimoja. Baba alikuwa wetu sote."

Nthiwa alijifuta machozi kwa kofia.

"Uboho nitakupa tena, hata leo. Lakini shamba ni la vijana wangu. Wewe uliolewa."

"Karibu, dada," tumbo likarudia. "Keti."

Nthiwa alisikia, na mama yake pia alisikia. Nthiwa alimaliza chai, akamshukuru Mungu kwa sauti kwa ajili ya uponyaji wa dada yake, akawaaga. Kisha akateremka mpaka karibu na mto, ambako mafundi walikuwa wakimsubiri, akawaonyesha mahali pa kuchimba mashimo ya nguzo za ua.