Mchicha wa Kifusini

Mwezi wa tisa bustani zote za kijiji zilikuwa zimekauka, isipokuwa ya Apolinaria. Yake ilikuwa chini ya kilima cha kifusi, pale mgodi ulipomwaga mawe yake miaka yote ile ya kulipua baruti. Mgodi ulishafungwa, lakini maji yaliendelea kuchuruzika chini ya mawe hayo, yakiosha masalia ya baruti, masika na kiangazi. Mchicha wa hapo uliota mnene, wa kijani kizito kinachokaribia weusi, majani mapana kuliko kiganja cha mtu mzima. Mbolea hakutia hata chembe. Wenzake wakipita walisonya.

Asubuhi hiyo alikuwa amechuchumaa akikata, Tekla mgongoni. Tekla alikuwa na miezi minane na alikuwa ameacha kulia. Hilo ndilo lililomchosha Apolinaria kuliko jembe, kubeba mtoto asiyelia. Midomo ya mtoto ilikuwa ya kijivu, kama aliyelamba majivu.

Nesi Benedikta wa zahanati alishasema kwamba ni damu ndogo, apewe mboga za majani kwa wingi, zile za kijani kabisa. Sasa nani kijijini alikuwa na mboga za kijani kumzidi Apolinaria? Aliuponda mchicha, akauchanganya kwenye uji, na uji wenyewe aliukoroga kwa maji ya kifusini, maana kisima kilibaki tope. Mtoto akala vizuri. Akazidi kupauka. Mama naye akazidisha mchicha.

"Mwangaluka, mayu," ilisikika sauti nyuma yake ikimwamkia mama huyo kwa Kisukuma.

Alikuwa mzee Mayala, mfugaji wa ng'ombe, peke yake na fimbo yake.

"Mwangaluka, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mtamba wangu amekufa."

"Pole, baba. Amekula nini?"

Mayala akanyoosha fimbo kwenye majani yaliyostawi pembeni ya bustani. "Haya. Jana jioni. Katembea kidogo, akaanza kuyumba kama mlevi. Nikamuwahi na kisu, nikasema basi angalau nyama. Damu ikatoka ya kahawia, mayu. Kama chai ya rangi iliyolala. Tangu nizaliwe sijaona damu ya namna ile. Nimemzika. Mimi, Msukuma, nimezika nyama!"

"Umekwenda ofisini kwa kampuni ya mgodi?"

"Nimetoka huko sasa hivi. Yule kijana wao kaniambia kaumwa na nyoka." Akamtazama Tekla, akamtazama kwa muda. "Na huyu mjukuu wangu ana nini?"

"Damu ndogo."

Mzee alirudisha fimbo begani. Aliondoka bila kuaga, na Apolinaria akabaki na kisu mkononi. Kisha akauacha mchicha chini palepale, akaelekea zahanati.

Benedikta alimchoma mtoto kidole. Tekla alikunja uso, basi. Tone la damu likatua kwenye kioo, na lilikuwa la kahawia. Wote wawili waliliangalia. Nesi alilifuta haraka kwa pamba, kama mtu anayefuta kosa lake mwenyewe.

"Mpeleke mjini, hospitali ya mkoa. Leo, mama Tekla. Siyo kesho."

"Ni yale maji, nesi? Au ni mchicha?"

Benedikta alitupa jicho ukutani, kwenye kibao cha shaba kilichoandikwa jina la kampuni ya mgodi iliyoijenga zahanati ile. "Mimi siyo maabara," alisema kwa sauti ya chini. "Acha kumpa vyote viwili. Nilikwambia vibaya. Nilidhani ni damu ndogo tu."

"Gari la wagonjwa je?"

"Liko juu ya mawe, halina magurudumu."

Basi la mjini lilishapita alfajiri. Bodaboda nazo zote zilikuwa zimekodiwa na kampuni kubeba viti na maturubai, kwa sababu siku hiyo wageni wakubwa wa serikali walikuwa wanakuja kushuhudia ardhi ikirudishwa kijijini. Gari lililobaki lilikuwa moja tu, na Apolinaria alijua la nani.

Afisa mahusiano wa kampuni aliitwa Wenceslaus. Kijana wa Mtendeni, huko Pwani, mwenye adabu, shati limenyooka. Nyuma ya kiti chake lilining'inia bango kubwa: Apolinaria mwenyewe bustanini, amekumbatia fungu la mchicha, anacheka. Chini yake maandishi, ARDHI IMEPONA. Picha ilipigwa mwaka uliopita, Tekla akiwa bado tumboni.

"Mama Tekla! Nilikuwa namtuma mtu akufuate."

"Naomba gari, baba. Mtoto ana damu kama ya mtamba wa mzee Mayala."

Tabasamu lake halikutikisika. "Yule ng'ombe aling'atwa na nyoka."

"Na wale waliokuja kuchota udongo wa kupima kwenye vifuko? Majibu yao yako wapi?"

"Yanashughulikiwa. Lakini mama, tutumie akili ya kawaida. Udongo wa sumu unaweza kuotesha mchicha ule? Wewe mwenyewe ndiye unayeulima. Wewe ndiye jibu letu."

Apolinaria aliliangalia bango. Ni kweli alikuwa akiwatambia wenzake kwa mchicha uleule. Aliona aibu, aibu ambayo haikuwa yake, na akaibeba tu, kama alivyozoea kubeba vingine.

"Gari lipo na dereva yupo," Wenceslaus akaendelea kwa upole. "Wageni wakishafika, unasimama bustanini, picha, wanasaini, umeondoka. Utakaa kiti cha mbele. Ila nikikupa gari sasa hivi, nitawaambia mwenye bustani yuko wapi? Kamkimbiza mtoto hospitali?"

"Wakishasaini, halafu?"

"Ardhi ni yenu. Kampuni haidaiwi tena na mtu."

"Na mimi nikiwaambia ukweli?"

"Sema, nani kakukataza? Ila gari ni hilohilo. Wakikasirika, litawarudisha wao."

Saa tano waliyoahidi ilipita. Apolinaria alisimama juani, akihesabu pumzi za mtoto mgongoni na kupoteza hesabu. Gari lilikuwa limeegeshwa kwenye njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi na pembe za ndovu mabegani wakielekea Pwani. Malori ya dhahabu nayo yalikuwa yakipita hapohapo. Mzigo haukuwahi kubadilisha uelekeo.

Gari likaenda kuwachukua wageni kwenye kiwanja cha ndege cha mgodi, likarudi nao jua likiwa utosini, wana viatu vya mpira vipya na chakula chao kwenye vyombo vilivyofungwa. Walishangaa mchicha. Waliugusa, hawakuuonja. Mmoja wao, mama mtu mzima mwenye sauti ya huruma, alimwendea Apolinaria.

"Hongera sana, mama. Na haka katoto mbona kamepoa hivi?"

Dereva alikuwa ameshawasha gari, mlango wa mbele uko wazi. Apolinaria aliusikia muungurumo ule kwa mwili mzima.

"Mheshimiwa," alianza, "huyu mtoto..."

Wenceslaus aliinua mkono kidogo tu. Kule njiani gari likazimwa.

Apolinaria alifunga mdomo.

"Ana usingizi," Wenceslaus akasema, na mkono ukashuka. Gari likawaka tena. "Huyu, mheshimiwa, amekulia mchicha huuhuu."

"Kumbe! Basi tumwone akila. Mpiga picha yuko wapi?"

Bakuli likaletwa, mchicha uliopikwa kwa ajili ya wageni, umepondwa, bado unafuka moshi. Mtu akamshushia Apolinaria mtoto kutoka mgongoni, mwingine akampa kijiko. Wenceslaus aliinama sikioni kwake.

"Kijiko kimoja tu, mama Tekla. Kimoja, mnaondoka."

Aliutazama mkono wake wa kulia kama si wake. Kijiko kilikuwa kimejaa. Kamera ilikuwa imeinuliwa, wageni wanatabasamu, na kule njiani mlango ulikuwa bado wazi, kiti cha mbele kitupu.

Tekla alikuwa amezoea. Harufu ilipomfikia alifumbua macho, akapanua midomo yake ya kijivu mwenyewe, bila kuambiwa, akasubiri.