Mstari wa Nanasi

Oriol, Mkatalani mwenye miwani mizito, alifika kwetu Kalibo, mji wa kisiwani, na daftari la majina ya nanasi, kila lugha mstari wake. Mama mkwe wangu, Pasing, alimsubiri tangu asubuhi kavaa gauni la kanisani. Majirani wanatucheka kwamba lugha yetu ni yao iliyopinda, naye alitaka kuiona kitabuni kabla hajafa.

"Nanasi mnaliitaje, Mama?"

"Pinya."

Oriol akaweka kalamu chini. "Watagalogi pinya, Wasebwano pinya, Wailokano pinia. Ni la Kihispania hilo. Kama hamna lenu, nitawaunganisha na majirani mstari mmoja."

Nilitaka kumtoa kwa mwiko. Mama akamgeuzia swali.

"Na kwenu Wakatalani?"

"Pinya," akasema, uso umemwiva. "Lilikuwa jina la tunda la msonobari, likapewa nanasi."

"Kumbe mmelivisha nguo ya mwenzake. Na mstari mnao?"

"Tunao."

"Haya, njoo huku, mwanangu."

Akamlazia jani la nanasi ubaoni, akampa kigae cha sahani. Oriol akakwangua, nyuzi ngumu zikatoka.

"Hizo bastos," Mama akasema, akampokonya kigae na kumpa kifuu. "Sasa polepole, kama unamwogesha mtoto."

Zikatoka nyuzi za ndani, nyembamba kuliko unywele.

"Hizo liniwan. Ndizo tunazofumia mashati ya harusi."

Oriol akavuta mmoja, ukakatika. Akaomba radhi mara tatu. Mama akaushika kwa vidole vyake vya miaka themanini, akaunga, akamrudishia.

"Tafuta palipokatika."

Oriol akaupitisha vidoleni, akavua miwani, akausogeza dirishani. Hakupaona. Mimi nimeolewa nyumba hii miaka ishirini na sijawahi kupaona. Mikono ile naistahi kuliko ya askofu.

"Kuunga huku kuna jina?" Oriol akauliza taratibu.

"Kuna. Na kukwangua, na kusuka, na uzi ulioharibiwa na mgeni. Wewe uliuliza tunda."

Oriol akafungua karatasi mpya na kuandika muda mrefu, Mama akimtajia, yeye akirudia vibaya na kusahihishwa. Mama hajui kusoma. Akaninong'oneza, "Delia, ameandika?"

"Ukurasa mzima, Mama."

"Wa majirani?"

"Wetu. Pinya ndilo la kwanza."

Akatazama ile karatasi kitambo, machozi yakimlengalenga. Kisha akaenda kuvua gauni la kanisani, maana kazi ya nyuzi ilikuwa bado.