Jogoo wa Dada Haingii Bandani

Dada yangu mkubwa alifika asubuhi na begi moja na jogoo mmoja, na kabla hajaketi nilikuwa nimeshamkosea.

"Pokea, mdogo wangu," alisema, akininyooshea jogoo aliyefungwa miguu kwa kitambaa. "Nimekuletea bwana harusi. Majike yako yananenepa bure."

Jogoo alikuwa mzuri, sikatai. Mwekundu, kifua mbele, upanga umesimama kichwani. Nilimpokea kwa mikono miwili, nikashukuru kama inavyopasa, kisha badala ya kuelekea bandani nikaelekea stoo.

"Unampeleka wapi?"

"Atakaa huku kwanza, dada. Wiki mbili."

"Stoo? Kwani kaiba?"

"Hajaiba. Kuku mgeni hachanganywi na wenyeji mpaka ijulikane kwamba hana ugonjwa."

Dada alishika kiuno. "Huyu nimemlea tangu yai. Sasa unaniambia nimekuletea maradhi?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Na mimi nilale wapi hizo wiki mbili? Chooni?"

Nilimpa chumba changu, mimi nikahamia kwenye kochi. Lakini jogoo alibaki stoo, na mlango nikaufunga kwa komeo.

Mimi ni mwashi mstaafu. Kusoma nilijifunza ukubwani, katika darasa la jioni, nikitoka kwenye saruji na kwenda kwenye chaki na vumbi lile lile nguoni. Tangu hapo siamini jambo kwa sababu tu limesemwa kwa sauti kubwa. Mwaka jana kuku wangu wote walikufa kwa mdondo. Nililia, kisha nikaenda kwenye mafunzo ya bwana mifugo, nikakaa mstari wa mbele na kuuliza maswali mpaka wenzangu wakaguna. Nililipiga banda chokaa, nikaliacha tupu, halafu nikanunua vifaranga wa chotara. Kila baada ya miezi mitatu nawachanja mwenyewe, tone moja jichoni. Chanjo naibeba kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu, kwa sababu ikipata joto inakuwa maji tu. Majirani wakaniita Daktari wa Mabawa. Waliniita kwa kejeli, mimi nikaitika kwa heshima.

Aliyenitia wasiwasi ni mwanangu wa pekee, binti anayefanya kazi benki. Msiba ule wa kuku uliniangusha kitandani, na nikiwa kitandani alinibana nikakubali: kuku wakifa tena, nafunga nyumba na kwenda kukaa kwake, ghorofa ya tatu, ambako hata maua ya kibarazani ni ya plastiki.

Dada alikuwa na siku chache tu nyumbani nilipokwenda kununua pumba. Niliporudi, stoo ilikuwa kimya, na bandani kulikuwa na kelele za furaha. Jogoo yuko katikati ya majike, anapiga bawa chini, anajizungusha.

"Dada! Nani kamtoa?"

"Alikuwa analia peke yake, maskini. Hata mfungwa hutembelewa."

"Amekaa nao muda gani?"

"Muda wa kutosha," alijibu, akicheka mpaka kanga ikamdondoka begani.

Nilimrudisha jogoo stoo, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Walikuwa wamekunywea chombo kimoja. Nilitoa maranda yote bandani nikayachoma, nikasugua vyombo kwa dawa, nikabadilisha maji. Baada ya hapo hakukuwa na la kufanya ila kungoja na kuitumainia ile chanjo.

Haikupita siku nyingi jogoo akaanza kuinamisha kichwa. Kinyesi kikawa cha kijani. Asubuhi iliyofuata alikuwa anahema kwa mdomo wazi na shingo imepinda, anatazama dari kama anayetafuta ufa. Sikuhitaji kitabu.

Niliingia jikoni nikamkuta dada ameshabandika maji, kisu kiko mkononi.

"Tumuwahi kabla hajafa," alisema. "Nyama ni nyama."

"Hachinjwi."

"Jogoo ni wangu!"

"Ulinipa. Ukimchinja, damu na manyoya na utumbo vinamwagwa pale nyuma, mbwa anabeba, na kesho mtaa mzima unalia. Huyu anafukiwa."

"Afukiwe? Jogoo kama yule?"

"Na chokaa juu."

Alikufa kabla ya adhuhuri. Nilichimba shimo refu kwa sululu yangu ya kazi, nikamwaga chokaa, nikashindilia udongo. Dada alisimama mlangoni akitazama, machozi yanamtoka. Siku ile tulikula chakula tumepeana migongo.

Habari hazina mguu mbovu. Jirani yetu muuza mkaa akaja kuegemea ukuta.

"Mzee, wape pilipili na majivu. Na vile vidonge vya kikohozi, uvivunjevunje kwenye maji."

"Mdondo hauna dawa. Una chanjo tu."

"Basi uza leo, kabla hawajaanza kulegea."

"Nimuuzie nani? Wewe?"

"Mimi hapana," alisema upesi. "Mimi nakujua."

Sikuuza hata mmoja. Kila kulipokucha niliingia bandani nikachuchumaa, nikatazama macho, nikasikiliza pumzi, nikakagua kinyesi. Walikula. Walipigania funza. Nilianza kupumua.

Kisha Jumamosi, yule jike wa kijivu hakutoka kwenye kiota. Nilitupa chakula, wenzake wakarukiana, yeye akabaki amejikunyata, manyoya yamevimba, macho yametulia mahali pamoja. Nilimbeba, akanidonoa mkono, nikamweka stoo ndani ya boksi lenye majani. Akajikunyata tena vile vile. Sikumwambia mtu.

Na siku hiyo hiyo gari la mizigo likasimama mbele ya nyumba. Binti yangu akashuka. Dada alikuwa amempigia simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Gari la nini?"

"La kitanda chako." Alitazama huku na huku. "Shangazi kaniambia mdondo umeingia. Tulikubaliana, baba."

"Tulikubaliana nikiwa na homa. Mwenye homa hukubali hata kuolewa."

"Usinichekeshe. Mbona stoo ina komeo?"

Hakungoja jibu. Alifungua mlango, akamwona yule jike kwenye boksi, akanigeukia. "Na huyu?"

Ningeweza kusema uongo. Badala yake nilisimama katikati ya ua nikasema kwa sauti ambayo hata dereva aliisikia:

"Hata akifa huyu, na wakafa wote, nitalipiga banda chokaa upya, nitaliacha lipoe, nitanunua vifaranga na nitaanza moja. Sikutoka kwenye saruji nikajifunza kusoma na mvi kichwani ili nimalizie siku zangu kufuta vumbi kwenye maua ya plastiki. Neno nililotoa kitandani nalirudisha. Mwambie dereva ageuze."

"Unadhani nakuonea!" Sauti yake ilipasuka. "Mwaka jana nilikukuta sakafuni, kwenye banda tupu, hujala wala hujaoga. Mimi ndiye niliyekuinua. Wewe hukujiona, baba. Mimi nilikuona!"

Nilibaki nimekaza shingo tu.

Dada akatupita, akaingia stoo. Tulimsikia akigunaguna. Halafu tukamsikia akicheka.

"Nani kasema huyu ni mgonjwa?"

"Mimi," nilisema.

"Njoo hapa, Daktari."

Alikuwa ameingiza mkono chini ya kuku, na kuku anamngurumia kama paka. "Shika tumbo. Manyoya kayanyonyoa mwenyewe. Joto hilo! Huyu anataka kuatamia, mjinga wewe."

"Chotara hawaatamii."

"Basi mwambie yeye, pengine hajasoma."

Niliangalia kinyesi ndani ya boksi. Kikubwa, kigumu, hakina ukijani. Nilikuwa nimekiona tangu alfajiri, ila siku zile macho yangu yalitafuta kifo tu, yakasahau kwamba kuku anaweza pia kutaka watoto.

"Atawapata wapi, lakini?" dada aliendelea. "Mayai yenyewe hayana baba. Baba umemfukia."

Kisha akamgeukia binti yangu, na kicheko kikamwisha.

"Mwanangu, nimepigiwa simu kutoka kwangu. Bandani kwangu yamebaki manyoya. Jogoo wangu ndiye aliyekuja na mdondo, kumbe. Hawa wa baba yako wamekunywa naye maji, na watazame, wanakula. Baba yako ni mkaidi, hana adabu, amemfukia jogoo wangu kama takataka, na sijamsamehe. Lakini kuku wake ni wazima na akili yake ni nzima. Mwache."

Binti yangu aligeuka akatazama banda. Jike mmoja alikuwa anaoga vumbi, miguu juu, bila haya.

"Na ukianguka tena?" aliniuliza taratibu.

"Nitaanguka kwangu."

"Na nani atakuinua?"

"Wewe. Utakuja. Lakini utakuja bila gari la mizigo."

Alifuta uso kwa kiganja, akatoka nje. Nilimsikia akimwambia dereva, "Kaka, tusamehe. Hakuna mzigo." Nikaushika mwimo wa mlango wa stoo, nimenyooka kama ukuta niliojenga mwenyewe, mpaka mlio wa gari ulipopotea barabarani.