Pumzi Ndani ya Kochi

Kochi lililetwa kwa mkokoteni Jumatatu asubuhi, limefunikwa shuka jeupe toka juu hadi miguuni. Mwenye nalo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alimweleza fundi kwamba lilikuwa la baba yake, aliyefariki mwaka mmoja uliopita. Mzee alikuwa na ugonjwa wa mapafu, na miaka yake miwili ya mwisho hakuweza kulala chali. Akijilaza tu, pumzi zinamkata. Basi akawa analala hapo hapo kwenye kochi, ameketi, viwiko juu ya mikono ya kiti. Na hapo ndipo roho ilipomtoka. Mwalimu alitaka kitambaa kipya na sponji mpya, ila mbao zibaki zilezile.

Fundi mwenyewe alikuwa mjane, na mtaa mzima ulimwita Sindano kwa sababu ya tabia yake ya kubana sindano midomoni akiwa kazini. Wifi yake alishamwambia mara nyingi kwamba iko siku ataivuta pamoja na hewa, na hapo ndipo watakapojua kama pumu inatibika kwa kushonwa. Maana Sindano alikuwa na pumu tangu utotoni, na kazi aliyoachiwa na marehemu mumewe ilikuwa ya vumbi mtindo mmoja: sponji zilizochakaa, sufi, magunia yaliyokaa miaka ndani ya makochi ya watu. Kwa hiyo aliweka masharti yake. Barakoa usoni, mlango na dirisha wazi, kitambaa cha zamani kinanyunyiziwa maji kabla hakijachanwa, na inhela haitoki kwenye mfuko wa aproni. Mwenyewe alisema yeye na pumu yake ni wapangaji wa nyumba moja, kila mtu na chumba chake.

Mchana wa siku ile, jirani yake, fundi wa kuchomelea vyuma, alizima mashine yake akaenda kula. Ukimya ukashuka. Sindano alikuwa anapima kitambaa mezani aliposikia mtu anapumua.

Hewa ilivutwa kwa haraka, fupi, kisha ikatoka taratibu, ndefu, na mwishoni kikaja kimluzi chembamba. Aliujua mluzi huo. Alidhani ni kifua chake, akaingiza mkono mfukoni kutafuta inhela, halafu akabana pumzi ili asikilize vizuri. Zile pumzi ziliendelea.

Aligeuka. Dukani hapakuwa na mtu. Kochi lilikuwa kwenye kona ya kivuli, na kwa mara ya kwanza aliona jinsi mgongo wake ulivyobonyea, mabega mawili na shingo, kama mtu ameinuka hapo dakika hii. Aliweka kiganja kwenye kile kibonyeo. Kilikuwa na joto. Aliuondoa mkono, akalifunika kochi kwa lile shuka, akakaa mlangoni hadi jirani aliporudi na kuwasha mashine.

Jumanne aliamua kufanya kazi nyingine. Alikuwa na viti vya kinyozi vya kumalizia, akajishughulisha navyo, lakini kila mashine ya jirani iliponyamaza alisikia. Kibaya zaidi, alijikuta anapumua sawasawa na kochi. Likivuta, anavuta. Likikawia kutoa, naye kifua kinakaza. Kufika jioni alikuwa ametumia inhela mara tatu, wakati kwa kawaida wiki nzima hupita asiiguse.

Wifi yake, aliyekuwa anaishi chumba cha nyuma ya duka, alikuwa muuguzi mstaafu. Uani alikuwa ameotesha mnanaa, mchaichai na tangawizi kwenye madebe, na mtaa ulimjua kwa chai zake kuliko kwa miaka thelathini aliyofanya kazi wodini. Alimletea Sindano kikombe cha tangawizi na asali, akamwambia hicho ni cha koo na cha moyo, kifua kina dawa yake mfukoni. Sindano akamwomba amchemshie majani ya mkaratusi ajifukize. Wifi akakataa. Alisema mvuke unamfaa mwenye mafua na pua iliyoziba, tena wa maji matupu, na beseni liwekwe mbali na watoto, maana ameshawafunga bandeji wengi walioungua. Kwa mwenye pumu, joto na harufu kali vinaweza kuuchokoza mrija wa hewa badala ya kuufungua. Halafu akamkazia macho, akamuuliza ni kitu gani kimemchokoza hivyo. Sindano akasema ni vumbi.

Hakutaka kuonekana amechanganyikiwa. Lakini Jumatano asubuhi yule jirani wa kuchomelea aliingia kuazima koleo, akasimama katikati ya duka, akainamisha kichwa upande.

"Una mgonjwa humu ndani?" aliuliza.

Sindano akamwambia hana. Jirani aliliangalia shuka jeupe pale konani, akachukua koleo, akatoka bila utani wake wa kila siku. Kuanzia hapo, kila alipotaka kitu alisimama nje na kuita.

Mchana wa siku hiyo mambo yaliharibika. Pumzi za kochi zilianza kwenda mbio, fupifupi, kama za mtu anayepanda ngazi zisizokwisha. Sindano alijaribu kutoka nje lakini hakufika mlangoni. Kifua kilijifunga. Alivuta inhela, akajaribu kumwita wifi yake, sauti ikagoma, akaangusha mkasi mkubwa sakafuni ili usikike.

Wifi alikuja mbio. Alimkalisha kwenye stuli, akamwinamisha mbele kidogo, viwiko juu ya magoti, mabega yalegee. Akampa inhela tena, akamhesabia. Akamwambia avute kwa pua, moja, mbili, halafu abane midomo kama anayepuliza chai ya moto na atoe polepole, moja, mbili, tatu, nne. Asishindane na hewa. Kama baada ya dawa hapati nafuu, wanaita gari la kwenda hospitali, hakuna cha kusubiri.

Walihesabu. Vuta mbili, toa nne. Taratibu kifua cha Sindano kikaanza kufunguka, na wifi, ambaye muda wote alikuwa anapumua pamoja naye ili kumwonyesha, akanyamaza ghafla. Dukani ziliendelea kusikika pumzi, nazo zilikuwa zimetulia vilevile, mbili kuvuta, nne kutoa, na mluzi mwishoni.

"Sindano," wifi alisema kwa sauti ya chini, "huyo wa tatu ni nani?"

Hapo ndipo alipomweleza yote. Wifi alisikiliza huku mkono wake ukiwa begani kwa Sindano, macho kwenye shuka. Alikuwa amepauka, lakini hakukimbia. Alisema amekaa na watu wenye pumzi za namna hiyo miaka thelathini, na hakuna hata mmoja aliyetaka kumtisha mtu. Wote walikuwa wanaomba kitu kimoja, wafunguliwe dirisha. Akainuka, akamwita jirani wa kuchomelea, wakalibeba kochi kulipeleka uani kwenye jua. Jirani alishika upande wake kwa ncha za vidole, na walipolitua tu aliondoka bila kuaga.

Wifi alimkataza Sindano asikaribie. Yeye mwenyewe alifunga barakoa mbili, akanyunyiza maji, akachana kitambaa cha chini ya kiti. Ndani ya bitana palikuwa na mpasuko wa upana wa kiganja. Aliingiza mkono, akatoa kifuko kidogo cha kitambaa kilichoshonwa vizuri, ukubwa wa yai. Kilikuwa kimelowana na kuota ukungu mweusi. Alikichana kwa mkasi: majani ya mkaratusi na mizizi fulani, vimeoza. Akaingiza mkono tena. Kilitoka kingine, na kingine. Vingine vilikuwa vimeota manyoya ya kijivu. Sponji yote iliyovizunguka ilikuwa imegeuka ukungu mtupu, na harufu yake ilifika hadi mlangoni alipokuwa amesimama Sindano.

Vilikuwa sitini na vitatu. Kilipotoka cha mwisho, kochi lilishusha pumzi moja ndefu sana, isiyo na mluzi, springi zake zikalegea zote kwa pamoja. Baada ya hapo lilikuwa mbao na vyuma tu.

Walivifukia, hawakuvichoma, kwa sababu ya moshi. Jioni hiyo walibishana kama mwalimu aambiwe. Sindano alisema hapana. Ile mishono ilikuwa ya mkono wa mwanamke, na mwanamke mwenyewe wanamjua. Mtoto wa watu ataishi vipi na habari kama hiyo?

Ijumaa mwalimu alikuja kuchagua rangi ya kitambaa. Duka lilikuwa na ngazi mbili tu. Alipozipanda, Sindano alisikia hewa ikivutwa fupi, ikatoka ndefu, na mwishoni mluzi. Aligeuka haraka kwenye kona, akakumbuka kwamba kochi liko uani.

Alimkaribisha mwalimu kiti, akamuuliza kifua hicho kimeanza lini. Mwalimu alisema tangu baba alipofariki. Watu wanamwambia ni huzuni. Amehamia chumba cha mzee. Kila jioni anajifukiza humo, madirisha yamefungwa ili mvuke usitoke, na chini ya mto anaweka kifuko cha dawa anachoshona mwenyewe, kama alivyokuwa akimshonea baba. Ukutani nyuma ya kabati pameanza kuwa na weusi fulani, hajui ni nini.

Sindano alimtazama wifi yake. Wifi akavuta stuli, akaketi karibu na mwalimu, akamweleza walichokikuta.

Mwalimu hakulia.

"Nilimpa kimoja kila Jumapili," alisema. "Akawa ananiambia, hiki kimenisaidia, mama. Kumbe anavificha."

"Hakutaka kukuvunja moyo," Sindano alisema.

"Vilimuua?"

"Ugonjwa wake ulikuwepo kabla ya vifuko," wifi alijibu. "Siwezi kukuambia havikumdhuru, na siwezi kukuambia vilimuua. Hilo sijui, na hakuna atakayekwambia kwa uhakika. Ninachojua ni kwamba chumba unacholala kinakufanyia hivyohivyo, na wewe bado una kifua cha kuokoa."

Kesho yake wifi alimsindikiza zahanati. Daktari alimsikiliza mgongoni kwa muda mrefu, akampa inhela, akamweleza kuhusu ukungu. Mwalimu alihama chumba. Wanafunzi wake wa darasa la saba, waliomwomba wenyewe kazi hiyo, walisogeza kabati na vitanda, wakafungua madirisha ambayo hayakuwa yamefunguliwa tangu msiba, na fundi rangi akakwangua ukuta. Kwa wifi yake Sindano mwalimu alijifunza kupumua kwa midomo iliyobanwa, na alipewa mnanaa wa chai kwa sharti moja, aunywe, asiushone.

Baada ya wiki tatu alirudi kuchukua kochi. Lilikuwa limevaa kitambaa cha kijani, mgongo umenyooka, hauna alama ya mabega ya mtu. Mwalimu aliliangalia bila kulikaribia. Pumzi zake zilikuwa nyepesi, Sindano alizisikiliza kwa makusudi. Kisha mwalimu akauliza, macho yake yakiwa bado kwenye kochi, kama katika siku zile hawakusikia kitu chochote.

Ni wifi aliyesema, "Tulisikia."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Alisema mwaka mzima alikuwa analisikia chumbani, akidhani akili imemruka, na hakumwambia mtu. Mwanzoni alikuwa akilala sebuleni ili asilisikie. Baadaye akazoea, na mwisho akawa hapati usingizi mpaka alisikie.

"Na sasa?" aliuliza.

"Sasa kimya," alisema Sindano.

Hapo mwalimu akalia, tena kwa sauti, na hakuna aliyemzuia. Alipomaliza alinawa uso kwenye bomba la uani, akamwita mwenye mkokoteni. Kochi likapakiwa. Alikataa kupanda, akasema atatembea. Sindano na wifi yake walisimama mlangoni wakamtazama akipanda mtaa wenye mwinuko, mbele ya mkokoteni. Katikati ya mwinuko alisimama, akaweka mikono kiunoni, akapumzika kidogo, kisha akaendelea na safari.