Mwalimu wa Nyuzi Nne

Sauti ya Hafidh ilikuwa na mate. Hilo ndilo jambo la kwanza Zulekha alilolijua kuhusu mwalimu wake, kabla hajaiona hata picha yake. Kila alipofungua ujumbe wa sauti kutoka Dar es Salaam, alisikia kwanza kitu kikitafunwa, kikihamishwa shavu, kikimezwa, ndipo maneno yakafuata. "Sasa dada Zule, mkono wa kulia usichapue. Gonga." Zulekha aliiweka simu mbali na sikio na kukunja uso, kisha akagonga.

Alivumilia kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Wapiga gitaa la besi Pemba hawakosekani, wapo wa vikundi vya taarabu na wapo wa kwaya, lakini hakumjua hata mmoja aliyepiga kwa kugonga. Mpiga besi wa kawaida hubana nyuzi shingoni kwa mkono wa kushoto na kuzichapua kwa mkono wa kulia, chini, karibu na tumbo la gitaa. Anayegonga huipandisha mikono yote miwili shingoni, na kila kidole kinashuka juu ya uzi kama kinavyoshuka kwenye kinanda, sauti za chini na za juu zikatoka pamoja. Ukiisikia bila kuiona, utadhani wapigaji ni wawili.

Yeye aliisikia dukani. Alikuwa muuza dawa Wete, na siku moja ya mvua rafiki yake Recho, mwalimu wa sekondari aliyehamia kutoka Songea, alikuja kutafuta dawa ya kikohozi akakwama. Wakisubiri mvua ipungue, Recho alimfungulia kwenye simu muziki wa roki, ule unaoitwa progresivu, mrefu, usiotulia kwenye pigo moja. Unakwenda kwa mapigo saba, unaruka kwa tano, unarudi kwa saba tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Katikati vyombo vyote vilinyamaza ikabaki besi peke yake, ikizungusha kifungu kimoja kifupi, rifu yenyewe, ikikibadilisha kidogo kila mzunguko. Zulekha aliomba arudishiwe pale. Mvua ilikatika, mteja akaingia, wakawa bado wamekiinamia kisimu.

Recho alikuwa na besi yake mwenyewe, aliyoipigia kwaya. Ndivyo ilivyoanza. Zulekha akitoka kazini hupitia kwa Recho, hufanya mazoezi mpaka karibu na magharibi, kisha hurudi kwao Gando. Mama yake, Bi Mize, alijua. Hakupendezwa wala hakukataza. Alisema tu kwamba vidole vya bintiye vimeanza kuwa na sugu kama vya mvuta nyavu.

Hafidh walimpata mtandaoni. Alifundisha kwa video, akalipwa kwa simu, na lazima isemwe kwamba alijua kazi yake. Zulekha alipolalamika kifundo cha mkono kinamuuma, Hafidh aliitazama video yake akamwambia ashushe kiwiko, na maumivu yakaisha siku ileile. Alimfundisha kuzuia nyuzi zisizotumika zisivume kwa kufunga kitambaa juu ya shingo ya gitaa. Zulekha alifunga kibanio chake cha nywele, kile cha kitambaa chenye mpira ndani.

"Kibanio hicho kimetoka kichwani sasa hivi?" Hafidh aliuliza kwenye ujumbe wa jioni ile, akitafuna. "Bado kina joto?"

Zulekha aliurudia ujumbe mara mbili. Mwili ulimsisimka kama aliyekanyaga konokono kwa mguu mtupu. Akajiambia ni mzaha wa watu wa bara. Siku ya pili alikitoa kibanio akafunga soksi mpya ya Recho, na Hafidh akasema soksi inaua sauti, arudishe kibanio. Haikuwa kweli. Soksi ilizuia vizuri zaidi, sikio lake lilimwambia hivyo, lakini yeye mwanafunzi na yule mwalimu. Akarudisha.

Maagizo mengine yalikuja hivyo hivyo, moja moja. Arekodi karibu zaidi. Uso asioneshe, maana yeye Hafidh anazijua desturi za visiwani na anaziheshimu, mikono tu inatosha. Ile hina ameipaka lini, na ataipaka tena lini? Anafanya kazi gani mpaka vidole viwe safi vile? Zulekha alijibu kwamba anauza dawa. Kila jibu alilotoa lilimwachia ladha mbaya mdomoni, kama aliyelamba kifuniko cha dawa ya minyoo, na kila mara aliimeza, kwa kuwa rifu ile ya mapigo saba ilikuwa imeanza kukaa vidoleni. Nusu ya kwanza aliipata. Nusu ya pili, pale mkono wa kulia unapouvuka wa kushoto, ilikuwa bado inamkatikia.

Ikawa Jumamosi, Zulekha akafika kwa Recho akamkuta ameketi kitandani, simu imelala kifudifudi juu ya goti.

"Kaa kwanza," Recho alisema. "Abraham amenitumia kitu."

Abraham ni kaka yake Recho, naye mpiga besi wa kanisa huko Dar es Salaam. Rafiki yake mmoja alikuwa amemwingiza kwenye kundi la simu la wanamuziki, wanaume watupu, mwenye kundi akiwa Hafidh. Abraham alikuwa akipitisha macho tu, mpaka alipoona ukutani, nyuma ya mikono ya mwanamke anayepiga besi, kalenda ya kwaya yenye picha ya dada yake.

Recho aliigeuza simu. Video za Zulekha zilikuwa zote mle. Si zile nzuri tu. Zilikuwamo alizokosea, alizosimama katikati, na moja ambayo alijifuta jasho la viganja kwenye gauni, nayo Hafidh alikuwa ameipunguza mwendo, mikono ikashuka pajani polepole, ikapanda, ikashuka. Chini yake wanaume walikuwa wakitoa maksi. Mmoja aliandika kwamba vidole hivyo ni vya kumenyea mtu chungwa akiwa amelala. Mwengine aliuliza vinanuka nini. Hafidh alijibu: "Muuza dawa huyo. Vinanuka spiriti." Akaweka alama za kicheko. Aliyefuata aliuliza kama kibanio kinauzwa.

Zulekha hakulia. Alihisi ngozi ya mikono yake si yake, kama glavu za mtu mwengine alizovishwa zikiwa bado na unyevu wa jasho la mwenyewe. Alikwenda bombani akanawa kwa sabuni, akasugua katikati ya vidole, akanawa tena. Kisha akatoa kwenye mkoba chupa ya spiriti na pamba, akaichukua besi, akaanza kuifuta shingo yake kutoka juu mpaka chini. Kibanio alikitupa kwenye pipa la taka, akalifunika.

"Zule, utaikausha mbao," Recho alisema taratibu.

"Ina mate."

"Haina."

"Ina, Recho. Mie nayaona."

Recho akachukua pamba naye akafuta upande wa nyuma.

Walipomaliza, Zulekha alimpigia Hafidh. Hakuwahi kumpigia kabla. Alisikia utafunaji ule ule, safari hii wa moja kwa moja.

"Dada Zule, leo umenikumbuka."

"Video zangu umezipeleka wapi?"

Utafunaji ulisimama. "Zipi?"

"Zote. Kwenye kundi lako."

"Ah." Alimeza. "Wale ni watu wa fani, Zule. Wanakusifia. Mwanamke wa Pemba anagonga besi, si jambo dogo."

"Anayeuliza vidole vinanuka nini ni mtu wa fani gani?"

"Ndiyo mizaha ya wanaume. Mimi uso wako sijauonesha. Nimekuhifadhi. Mikono tu ile."

Kati ya yote aliyoyasikia na kuyasoma, neno hilo la kuhifadhi ndilo lililomchafua moyo zaidi. Lilikuwa neno la heshima, la mtu kumfunika mwenzake aibu, na sasa limetoka kinywani mle pamoja na vilivyotafunwa. Hafidh akaendelea kusema kwamba yuko tayari kumfundisha bure miezi miwili, yaishe. Zulekha alikata simu, kisha akaifuta nayo kwa spiriti, kioo na mgongo.

Nyumbani alimwona Bi Mize anachambua mchele barazani, akataka kupita. Mama alimtazama mara moja tu.

"Weye una nini? Mbona mikono umeinyanyua hivyo kama una udhu?"

Zulekha akakaa, akamwambia. Alitarajia kuulizwa kwa nini alijirekodi, na alikuwa na jibu, kwamba mwalimu ndiye aliyeagiza, na jibu lenyewe lilimchukiza. Bi Mize aliomba asomewe. Zulekha akamsomea maneno ya wale wanaume, mengine akiyaruka, na kila alipoyaruka mama alimwambia arudi nyuma. Mchele ulibaki kwenye ungo.

"Na yeye kasemaje?"

"Kasema mikono tu."

"Ntu aloiba kuku haulizwi kala paja au kala bawa," Bi Mize alisema. Uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mtu aliyenusa samaki wa juzi. "Hiyo mikono n'liinyoosha mie kwa mafuta ya nazi ulipokuwa mchanga. Sasa nambie. Wanaume hao wanajua unaitwa nani?"

"Hawajui."

"Na yeye, wanajua kafanya nini?"

"Wanajua, mama. Wanacheka naye."

"Wanajua wanachokiona. Aloonewa hawajamwona."

Zulekha alilifikiria hilo siku nzima ya Jumapili. Jumatatu, baada ya kazi, alikwenda kwa Recho, akavaa mtandio wake wa kijani, akamwomba Recho ashike simu mbali, si karibu. Alionekana wote, uso na mabega na besi na ukuta. Alipiga nusu ya kwanza ya rifu bila kosa. Nusu ya pili ikamkatikia palepale inapomkatikia siku zote, naye hakuirudia. Akaitazama simu.

"Mimi naitwa Zulekha," alisema. "Mikono mnayoitolea maksi ni yangu. Nilimpa Hafidh video hizi anifundishe, nikamlipa. Sikumpa awagawie. Zifuteni. Na kama kuna mwenye dada au binti anayesoma kwake, aulize zake ziko wapi."

Abraham aliitia video ile kundini, kisha akatoka. Kwanza vilikuja vicheko viwili vitatu. Baadaye mtu mmoja aliandika samahani, ya neno moja. Halafu mwanamme aitwaye Silima, aliyekuwa mle tangu mwanzo na hata maksi alizitoa, akaomba namba kwa Abraham, akamwandikia Zulekha faraghani. Alisema binti yake wa kidato cha pili anajifunza gitaa kwa Hafidh. Alisema ameomba kuiona simu ya mtoto na ameona maagizo yaleyale, asogeze karibu, asioneshe uso. Alisema anaona haya hajui aanze wapi.

Zulekha aliusoma ujumbe ule akachukizwa upya, kwa sababu sasa kulikuwa na mtu wa kumhurumia ambaye siku chache nyuma alikuwa ameandika "tisa" chini ya vidole vyake. Hakumwambia kwamba amemsamehe. Alimwandikia aende polisi na ile simu, na kwamba yeye Zulekha yuko tayari kutoa ujumbe aliotumiwa yeye ukihitajika. Silima alikwenda. Hafidh aliitwa, akahojiwa, kundi likafungwa. Kesi ikasogea polepole kama zisogeavyo kesi, na Abraham alisikia kwamba Hafidh ameshafungua kundi jengine, kwa jina jengine. Huenda video bado zimo kwenye simu za watu. Zulekha alilijua hilo, na kuna siku alipokuwa akihesabu vidonge mbele ya mteja alihisi macho yamemkaa mikononi, akaviacha akaenda kunawa.

Besi hakuigusa kwa muda mrefu. Kilichomuudhi si kwamba amesahau bali kwamba hakusahau kitu. Akishusha kiwiko, alimsikia Hafidh akisema shusha kiwiko. Mafunzo mazuri yalikuwa yametoka kwenye kinywa kile, na haiwezekani kuyatapika ukabaki na mkono unaojua. Alimwambia Recho hivyo. Recho alifikiri, akasema chakula kilichopikwa na mpishi mchafu kinaharisha, lakini kiwiko ni chako. Zulekha alicheka kidogo, bila kukubali.

Recho aliposafiri kwenda kwao likizo, alimwachia besi na kispika chake Gando. Ilikaa siku kadhaa imeegemea ukuta. Alasiri moja Zulekha aliikamata, akafunga kipande cha kanga kuukuu juu ya shingo, akaipiga nusu ya kwanza. Alipofika kwenye mvuko hakufanya alivyofundishwa. Aliuacha mkono wa kushoto upande juu, wa kulia ukabaki chini yake, kinyume cha maagizo. Sauti ilitoka mbaya, uzi mmoja ulilalama. Akauma meno akarudia. Mara ya nne au ya tano rifu ya mapigo saba ilitimia, ikiwa na kovu mahali fulani, akaizungusha tena.

Bi Mize alichungulia mlangoni, mikono imejaa unga.

"Ndo imekwisha, ama imekatika?"

"Bado, mama," Zulekha alisema bila kuinua kichwa. "Funga mlango, kuku wasiingie."