Asilie

1.

Mate.

Hidaya ana miaka minne na mate yanamchuruzika kidevuni. Hayamezi. Kaketi mapajani mwa mama yake, Mwanahawa, kajiinamisha mbele, kidevu kakitoa nje, mdomo wazi. Mwili wa moto. Asubuhi alikuwa akirukaruka uani.

2.

"Kimeo hicho cha kooni, kimerefuka," alisema bibi yake, Bi Sikudhani, kule nyumbani. "Twende kwa mkataji wa vimeo, mara moja tu kishaisha."

Mkataji kaenda mazikoni. Ndiyo maana wako hospitali. Msiba wa wenzio nao huweza kukufaa, Mungu atusamehe.

3.

TANGAZO
IDARA YA DHARURA
Kila mtoto alazwe kitandani.
Kila mtoto mwenye homa aangaliwe koo.
Utaratibu huu ufuatwe bila

4.

"Sista, weka hicho kijiti chini."

Ni Daktari Ngowi, kasimama mlangoni. Hapazi sauti, na hapo ndipo hofu inapomwingia Mwanahawa.

"Msimlaze. Msimguse koo. Sindano baadaye. Mama, nisikilize: kile kifuniko cha njia ya hewa kimevimba. Ugonjwa wenyewe adimu, mimi nimeusoma tu vitabuni. Akilia, njia inaweza kuziba palepale."

Mwanahawa anamkumbuka mkataji. Kichwa cha mtoto hulazwa nyuma, mdomo ukapanuliwa kwa nguvu, na kile kisu. Laiti wangemkuta

5.

Namna za kumzuia mtoto asilie:
mpe simu achezee
mwahidi maandazi
mwimbie, ila sauti isitetemeke
isitetemeke

6.

Wewe unayesoma, umewahi kuona chumba kizima cha dharura kikinong'ona? Aliyevunjika mguu anauma shuka. Bi Sikudhani, ambaye akicheka husikika mtaa wa pili, kajiziba mdomo kwa ncha ya kanga. Kiti cha magurudumu kinasukumwa polepole kwenda chumba cha upasuaji, mama kaketi, mtoto kampakata.

Hewa inaingia kwa mkoromo.

Nyembamba.

          Nyembamba zaidi.

7.

"Tutampa dawa ya usingizi aivute ukiwa umempakata. Akisinzia utatoka, tumwekee mpira kooni apumulie."

"Nitajuaje kama amepona, daktari? Nitamsikia akilia?"

"Mwenye mpira hana sauti, mama. Na mpira ukigoma kupita, basi itabidi—"

Anajigusa shingo, chini ya koromeo.

8.

Mlango.

9.

Kimya.

"Mwanangu," Bi Sikudhani anamnong'oneza mkwewe, "kimya hiki ni cha heri au cha shari?"

Mwanahawa kabandika sikio mlangoni. Hajui. Tangu onyo la daktari alikuwa akimwomba Mungu kimya, na sasa kapewa chote.